Barua ya wazi kwa viongozi wa chama chetu: tuonyesheni hiyo karatasi ya madai

Kwa Katibu Mkuu, mwenyekiti, mweka hazina na nyinyi wote mnaokaa kwa meza ya CBA, yaani ule mkataba wa pamoja wa chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, kwa niaba yetu,

Salamu kutoka uwanja wa ndege wa JKIA hapa Nairobi, kutoka rampu pale ndege zinapakiwa, na kutoka kaunta za chekini, na kutoka kwa akina mama na vijana wanaosafisha ndege usiku, na wale wa ghala la mizigo ambao hata abiria hajui wako. Naandika hapa wazi juu njia zile zingine tumezijaribu zote. Ukiuliza shopstiwadi, yule mwakilishi wa chama hapa kazini, anakwambia ameuliza tawi, tawi linasema ngojeni makao makuu, makao makuu simu inalia mpaka inajikata yenyewe. Ile barua ya heshima yenye sahihi zetu ilipokelewa, ikapigwa muhuri, ikaingia drowa. Kwa hivyo wacha tuongelee hapa penye kila mtu anaona, na tafadhali msije mkasema tumekosa adabu, wakubwa, adabu tulianza nayo.

CBA yetu iliisha. Nyinyi mnajua tarehe, sisi tunajua tarehe, na mwajiri anaijua kuliko sisi wote. Tangu hapo kile tunasikia ni "mazungumzo yanaendelea". Yanaendelea wapi? Yamefika kipengele gani? Mnatutumia kwa grupu ya WhatsApp picha ya watu wameketi ukumbi wa hoteli, chupa za maji mbele yao, mtu wa HR anatabasamu, nanyi mnatabasamu, na chini mmeandika ati kikao kilikuwa cha manufaa. Mtu ametoka shifti saa moja asubuhi, ameketi kwa matatu pale Cabanas na miguu imevimba ndani ya buti, anafungua simu anakutana na hiyo picha, halafu mnashangaa kwa nini majibu kwa grupu yanakuwa machungu mpaka admini anaifunga wanachama wasiandike. Hiyo ya kufunga grupu nayo, kusema ukweli, ilituuma kuliko hata kukosa nyongeza.

Nianze na hii juu naona ndio mzizi wa hasira yote iko kazini: hatujui mliomba nini. Si ati hatujui mwajiri amejibu nini, hiyo ningeelewa. Hatujui sisi wenyewe tumeomba nini kupitia kwenu. Karatasi ya madai iliandikwa, ikachapishwa, ikapelekwa, na kwa watu wote nafanya nao kazi shifti moja hakuna hata mmoja amewahi kuishika mkononi. Kuna mwenye amesikia tuliitisha asilimia 30, mwingine aliambiwa na binamu yake wa ofisini ni 15, dereva mmoja wa trakta anaapa kabisa kwamba kipengele cha usafiri wa usiku kilitolewa kabla hata ya kikao cha kwanza ili mwajiri asikasirike. Sijui kama ni kweli, naye hajui, lakini inazunguka kantini nzima kama habari rasmi juu hakuna habari rasmi.

Najua jibu lenu, nimelisikia likitolewa na afisa mmoja wa tawi kwa ile sauti ya mwalimu, ati majadiliano ni siri, huwezi kuanika mbinu zako mbele ya mpinzani. Sawa kabisa. Lakini wazee wangu, mwajiri ako na hiyo karatasi! Mlimpelekea nyinyi wenyewe, ameisoma, amepigia mistari, mawakili wake wameisoma. Kwa hivyo kwa watu watatu wanaohusika, yaani nyinyi na yeye na sisi, anayefichwa ni nani? Tukiuliza hivyo tunaambiwa tunatumiwa na maadui wa chama. Mimi situmiwi na mtu, mimi nakatwa pesa ya chama kila mwezi kabla mshahara haujagusa simu yangu, na mtu anayelipa ana haki ya kujua ananunua nini.

Sasa tuje kwa pesa.

Kila mkiongea mnaongea asilimia. Asilimia inasikika vizuri kwa mikrofoni lakini hebu tupige hesabu pamoja, tuchukulie mmepata 8, ni mfano tu. Mtu wa 25,000 anaongezewa 2,000. Supavaiza wa 90,000 anaongezewa 7,200. Wote wawili wananunua unga bei moja na wanapanda matatu ya nauli moja, lakini pengo kati yao limekua kwa shilingi 5,200 kila mwezi, na awamu ijayo ya CBA hiyo asilimia itapigwa juu ya mshahara mpya kwa hivyo pengo litakua tena. Sina ubaya na masupavaiza, wengine ni marafiki na walianza na sisi kubeba. Nauliza tu, kuna siku mlikaa mkafikiria kuomba kiasi kimoja cha shilingi kwa kila mtu? Ama mchanganyiko, yaani kila mmoja apewe kitu fulani sawa kwanza halafu asilimia ndogo ifuate? Kama mlifikiria mkakataa, sawa, tuambieni sababu. Kama hamkufikiria kabisa basi hapo ndipo mngetuuliza sisi, juu loda yeyote wa rampu angewaambia hiyo kitu kwa dakika mbili akiwa anakunywa chai.

Na hizo 2,000 hazifiki zote nyumbani, hilo mnalijua. Kuna SHIF, ile bima ya afya, asilimia 2.75 kuanzia Oktoba 2024, inakatwa kwa mshahara mzima, tena haina kikomo vile NHIF ya zamani ilikuwa nacho. Kuna asilimia 1.5 ya ule ushuru wa nyumba wa serikali. Kuna NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6, na hiyo wale wa zamani tunakumbuka ikiwa shilingi 200 peke yake, mpaka Februari 2023 sheria mpya ikaanza kufanya kazi na kila Februari ikawa inapanda ngazi nyingine. Jumlisha hizo tatu unapata shilingi 10 na senti 25 kwa kila 100, na bado hatujaongea PAYE, kodi ya mshahara, na bado makato yenu nyinyi wenyewe, na sacco, na mkopo wa simu ule wa katikati ya mwezi. Mtu ambaye mshahara wake wa msingi haujasonga tangu CBA iishe, ukiweka peislipu yake ya leo kando ya ile ya 2022 utaona anapeleka nyumbani pesa kidogo kuliko zamani. Yaani hatujanyimwa tu nyongeza, tumepunguzwa, na hakuna mtu alisaini barua ya kutupunguza. Hii hesabu sijaisikia kwa hotuba yenu hata moja. Mnatakiwa kuingia na hizo peislipu mbili mkononi mkaziweke kwa meza mbele ya huyo mtu wa HR mkamwambia atuelezee.

Halafu mmetuambia, tena kwa huruma nyingi, ati mwajiri hana pesa, biashara haijakaa sawa tangu korona. Mimi nilikuwa hapa Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zilipofungwa. Nilikuwa hapa wakati watu walipelekwa likizo bila malipo na waliobaki wakakatwa mishahara, ndege zimepangwa kwa eproni kama magari ya mnada na nyasi zinaota kando. Tulinyamaza. Hakuna mtu alipiga kelele juu kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba kazi hakuna. Sasa kazi iko. Sisi ndio tunahesabu ndege, sisi ndio tunajua shifti ya leo imehudumia ngapi na watu walikuwa wangapi, na niwaambie ndege zimerudi lakini watu hawajarudi, timu ambayo ilikuwa na watu sita kwa ndege moja sasa inaenda na wanne na saa zingine watatu na mmoja ako kwa redio. Wiki za kuelekea Februari 14 mkuje mtembee upande wa mizigo usiku muone malori ya maua kutoka Naivasha yamepanga foleni, maboksi yanatoka vyumba baridi yanaingia ndege za mizigo usiku kucha, halafu mrudi mtuambie tena hii biashara imelala.

Lakini tuseme labda ni kweli hana pesa. Mliitisha vitabu? Juu Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 57, inasema mwajiri lazima atoe kwa chama habari zote zinazohusika ili chama kiweze kujadiliana ipasavyo. Lazima. Haisemi akipenda. Sasa, mliandika barua ya kuomba hizo hesabu? Alikataa? Kama alikataa mbona hamjaenda mahakamani, na kama alitoa, zinasema nini? Kuambiwa kwa mdomo "hakuna pesa" na wewe unarudi kutuambia sisi kwa mdomo "hakuna pesa", hiyo si majadiliano, hiyo ni kupeleka ujumbe, na wa kupeleka ujumbe hatuhitaji kumlipa.

Kuna kitu kingine cha tarehe ambacho naomba kila mwanachama akielewe juu ndicho kitatuumiza bila sisi kujua. CBA ikishasainiwa inapelekwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kusajiliwa, ndani ya siku 14, na mpaka isajiliwe huwezi kulazimisha mwajiri kuitekeleza. Hiyo sawa. Lakini hiyo Sheria ya Mahusiano ya Kazi inasema itahesabiwa kuanzia tarehe ambayo pande mbili zimekubaliana. Soma tena hapo. Zimekubaliana! Maana yake mkikubali ianze siku ya kusaini, ile miezi yote tumengoja inapotea hivyo tu, hakuna malimbikizo, na mwajiri atakuwa amelipwa kwa kuchelewesha. Kila kikao anachoahirisha, kila "mkurugenzi amesafiri", kila "tunangoja bodi", ni pesa inabaki kwake. Na mkikubali ianze siku iliyofuata baada ya ile ya zamani kuisha, basi kuchelewa kunamgharimu yeye na mtashangaa vile huyo mkurugenzi atarudi safari haraka. Hii ndiyo silaha ya bure mko nayo na sijui kama mmeitumia, kwa sababu, nishasema, karatasi hatujaiona.

Na kwa wale wenzangu wanaotishwa na mameneja ati "CBA yenu imekufa kwa hivyo hamna haki tena", msikubali. Yale masharti yaliingia ndani ya mkataba wa kazi wa kila mmoja wetu, hivyo ndivyo kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo kinasema, hayavuki mpaka usiku mmoja yakayeyuka. Siku za likizo zako ni zako. Kiwango chako cha ovataimu ni chako. Hili jambo lingefaa litoke kwenu viongozi, karatasi moja tu ya kubandika kwa ubao wa kantini, lakini nimelazimika kuliandika mimi mbeba mizigo.

Tuje kwa vijana wa ejensi, wale wanaoletwa na makampuni ya kukodisha wafanyakazi, na hapa naomba msinikasirikie.

Mnajua vile rampu inakaa siku hizi. Ukiangalia mgongo wa reflekta unaona majina tofauti tofauti ya makampuni lakini mzigo ni uleule, ndege ni ileile, mvua ni ileile. Kuna kijana amefanya kazi na mimi mkataba wa miezi mitatu, ukaisha, akaambiwa kaa nyumbani kidogo, akaitwa tena mkataba mwingine wa miezi mitatu, na hiyo nyimbo imeimbwa mpaka akaoa na akapata mtoto bado ni mpya kazini. Hana likizo ya maana, akigonjwa anaficha, akiumia anaogopa kuandika ripoti. Sheria ya Ajira ya 2007 ina kifungu cha 37 kinachosema kibarua akifanya kazi mfululizo mpaka ifike mwezi, ama akipewa kazi ambayo haiwezi kuisha kwa miezi mitatu, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Wajanja wanajua hiyo kwa hivyo wanakatakata muda.

Nyinyi mnasema hao si wanachama. Ndio, si wanachama, kwa sababu hakuna mtu amewahi kuwaendea. Na msipowataka kwa sababu ya utu basi wachukueni kwa sababu ya hesabu: chama kinatambuliwa na mwajiri kwa sababu kina zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaofaa kujiunga. Kila mtu wa kudumu akistaafu nafasi yake inachukuliwa na kijana wa ejensi, mmoja leo, wawili mwezi ujao, na siku moja mwajiri atakaa chini ahesabu majina na awaambie asanteni sana, sasa hamna wengi. Wakati huo itakuwa nani wa kulaumiwa? Mimi nadhani hiki kipengele ni kikubwa kuliko hata asilimia. Ningekubali nyongeza ndogo mwaka huu kama CBA ingefunga huo mlango wa kuajiri kwa vipande vipande, na najua si wote kwa shifti yangu wanakubaliana na mimi kwa hilo, tumebishana sana, lakini ndio maana ya kutuita mkutano, tubishane mbele yenu mkiandika.

Sijui kama wengi wenu mnakumbuka hii kazi inakaa aje kwa mwili, wengine mmetoka rampu kitambo na wengine hamkuwahi kufika. Ndege kubwa kama 787 afadhali, mzigo unaingia ndani ya kontena, mashine inainua. Lakini hizi ndogo, 737 na Embraer, tumbo lake huwezi kusimama. Unaingia kwa magoti, unavuta sanduku kutoka kwa belti, unalisukuma ndani, mwenzako analipanga mpaka dari, na sanduku moja ni kilo 23 na kuna yale ya lebo nzito yanafika 32. Unafanya hivyo saa sita mchana ndani ya hiyo tumbo ikiwa joto kama nini, halafu unafanya hivyo saa tisa usiku na baridi ya Embakasi ya Julai, na huyo mtu wa redio anaita kila dakika kwamba ndege inachelewa. Migongo imekwisha huku. Magoti yamekwisha. Kuna masikio yameanza kukataa sauti za chini juu zile kinga za masikio zikiharibika unangoja mpya mpaka unazoea. Kwa karatasi yenu ya madai, ambayo hatujaiona, kuna mahali mmeandika kuhusu idadi ya chini ya watu kwa ndege moja? Kuna mahali mmeandika kuhusu vifaa kubadilishwa kwa wakati? Kuna mahali mmeandika mtu ambaye mgongo umeharibika akiwa kazini apewe kazi nyepesi badala ya kuonyeshwa geti? Hivi ni vitu havigharimu mwajiri hata nusu ya kile mnafikiria, na vingine angevikubali siku moja tu mkiomba.

Usiku nao. Shifti ikiisha saa nane usiku basi la kampuni linakuacha barabarani, kwingine ni juu yako. Wadada wa chekini wanashukia Mombasa Road na sare zao na mkoba, kutoka hapo atembee mpaka Pipeline ama Tassia ama atafute bodaboda anayemwamini. Ameibiwa mmoja, ameibiwa mwingine, tunachanga tunanunua simu, maisha yanaendelea. Kama ni kweli hicho kipengele cha usafiri kilitolewa, naomba aliyekitoa ajitokeze aelezee akina dada hao yeye mwenyewe, si kupitia shopstiwadi.

Sasa mgomo. Hapa ndipo mnapenda kutuonyesha misuli halafu mnairudisha mfukoni. Notisi inatoka, magazeti yanaandika, sisi tunaanza kuambia familia zijipange, halafu usiku wa kuamkia siku yenyewe unasikia "imesitishwa ili kutoa nafasi kwa mazungumzo" na hakuna anayesema ni nini kilibadilika. Fanyeni hivyo mara nyingi na mwajiri hatashtuka tena, atawauliza tu mnataka chai ama kahawa.

Sisi si waoga. Machi 2019 wafanyakazi wa JKIA waliposimama kwa sababu ya ule mpango wa kuunganisha uwanja na shirika la ndege la Kenya Airways, gesi ya machozi ilirushwa mpaka ndani na watu wakakimbia na abiria. Septemba 11, 2024 wafanyakazi walisimama tena kwa sababu ya ule mpango wa kukodisha JKIA kwa Adani, kampuni ya India, kwa miaka 30, na Novemba mwaka huo huo Rais akaufuta, ndio najua yalichangia mengi pamoja na ile kesi ya rushwa ya Marekani dhidi ya mwenye kampuni hiyo, lakini watu walisimama. Kwa hivyo msituambie wanachama hawako tayari. Wanachama wakielezwa kitu kinahusu nini wanasimama. Kile hatuko tayari kufanya ni kusimama gizani kwa karatasi hatujasoma.

Na kama ni mgomo basi ufuate njia, juu mkikosea hatua moja wanaofutwa ni sisi, si nyinyi. Mgogoro uripotiwe kwa Waziri, msuluhishi ateuliwe, usuluhishi ushindikane, halafu notisi ya siku saba ya maandishi. Mgomo uliofuata hizo hatua unalindwa, mtu hafukuzwi kwa kushiriki, ingawa mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo na hilo watu waambiwe mapema si baadaye. Mgomo ambao haukufuata, barua za nidhamu zinaanza jioni hiyo hiyo. Je, mmeripoti mgogoro? Swali dogo tu. Ndio ama hapana. Kama hapana, hizo notisi zote mnazotutisha nazo zilikuwa za nini, na nani alikuwa anatishwa?

Nikiwa bado hapa, na hoteli nazo. Kuna mtu atuelezee kwa nini majadiliano ya watu wa Embakasi yanafanyiwa pwani. Nairobi hii nzima imekosa chumba? Nani analipa vyumba, nani analipa ndege, nani anawapa alawansi ya kikao, na je, hiyo alawansi inalipwa kwa kila siku mnayokaa? Kwa sababu kama inalipwa kwa siku basi kumaliza mapema ni hasara kwenu, na sisemi mnafanya hivyo, nasema tu mtu yeyote mwenye akili timamu lazima aulize. Fungueni vitabu watu waone, mtanyamazisha hayo maneno siku moja.

Kile tunaomba si kikubwa. Hiyo karatasi ya madai ipigwe picha itumwe kwa grupu, hata kama ni kurasa nyingi, tuna muda wa kusoma tukingoja ndege iliyochelewa. Pamoja nayo ukurasa mmoja tu wa kusema kipengele hiki kimekubaliwa, hiki kimekataliwa, hiki bado. Grupu ifunguliwe, admini asiwe na wasiwasi, tutaongea vizuri. Na kabla ya mtu yeyote kushika kalamu ya kusaini, rasimu iletwe kwa wanachama waisome na wapige kura, na kama wengi watasema hapana mrudi mezani mkiwa na nguvu, juu hakuna kitu mwajiri anaogopa kama kiongozi anayemwambia "mimi ningekubali lakini watu wangu wamekataa".

Huo mkutano msiufanye Jumanne saa nne asubuhi kwa ukumbi wa mjini halafu mseme watu hawakuja. Fanyeni mara mbili, moja saa tisa mchana wakati shifti zinabadilishana na moja asubuhi mapema kwa watu wa usiku kabla hawajaenda kulala, hapa hapa karibu na kazini, na waalikeni pia wale wa ejensi hata kama hawatapiga kura. Ruhusa ya ukumbi tutawasaidia kuitafuta. Tarehe tunaomba mtuambie kabla ya ratiba ya shifti ya mwezi ujao kubandikwa, ili watu waweze kubadilishana ofu.

Ni sisi wenu,
Wafanyakazi wa shifti ya usiku, Embakasi